Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Petroli Mikononi, Sumu Ubohoni

Ndugu wanachama, mafundi magari na wapiga rangi, na wazee wetu mliotutangulia katika kazi hii, shikamooni.

Mahesabu ya mwaka atayasoma mweka hazina, na deni la ada kila mmoja analijua lake. Kamati imekaa vikao vinne, mvutano wa eneo la kuegesha magari mabovu umekwisha, na kompresa iliyokuwa imekufa imefufuka. Hayo nayaacha hapo, maana mwaka huu nataka tuzungumze habari ya damu yetu.

Mnakumbuka mwenzetu mmoja, mpiga rangi wa miaka mingi, alianza kuchoka. Akibeba ndoo ya maji hatua kumi, anaitua. Zahanati ya kwanza ilimtibu malaria, ya pili ikampa vidonge vya kuongeza damu, akarudi kazini. Asubuhi moja fizi zilivuja damu hadi kola ya shati ikalowa, ndipo tukampeleka hospitali kubwa. Picha kamili ya damu ilionyesha seli nyekundu zimeshuka, seli nyeupe zimeshuka, na chembe zinazogandisha damu nazo zimeshuka. Daktari akanieleza kwamba zikishuka zote tatu kwa pamoja, kosa huenda si la damu yenyewe bali la kiwanda chake, yaani uboho ulio ndani ya mifupa. Akauliza kazi ya mgonjwa. Nilipomtajia rangi, tina ya kuzimulia rangi na petroli, akasema kwa mgonjwa mmoja hawezi kuapa ni nini kilichomfikisha pale, ila kemikali iitwayo benzini, iliyomo kwenye petroli na katika baadhi ya tina na gundi, inajulikana kwa kuharibu uboho. Mwenzetu yuko nyumbani, anaendelea na dawa. Mwendeeni.

Tangu siku ile nimesoma na kuwauliza wanaojua, na niliyoyapata nayaleta kwenu.

Seli nyekundu huishi siku 120 hivi, zile za kugandisha damu hazifiki hata wiki mbili. Kwa hiyo damu hutengenezwa upya kila siku, na zote hutoka kwa mama wachache waliomo ubohoni, wanaoitwa seli shina. Watafiti Till na McCulloch ndio walioonyesha jambo hili kule Toronto, Kanada, kuanzia mwaka 1961: panya aliyeuawa uboho kwa mionzi alipodungwa uboho wa mwenzake, kila uvimbe mdogo uliochipua kwenye wengu wake ulitokana na seli moja. Mama hawa muda mwingi wamelala. Wanajihifadhi, kazi ya kila siku wanawaachia watoto wao.

Benzini tukiivuta huingia mapafuni, ikapita kwenye ini, na ini katika kujaribu kuivunja huigeuza kuwa kemikali nyingine. Hizo husafiri hadi ubohoni, na humo vimeng'enya vya uboho wenyewe huzigeuza kuwa kali zaidi. Zinashika DNA, yaani maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya seli, zinakata nyuzi zake.

Seli shina iliyokatwa nyuzi ina njia kadhaa. Protini iitwayo p53 huisimamisha kwanza isigawanyike, kama fundi anavyozima injini kabla ya kuingiza mkono. Kosa likirekebishika, hurekebishwa. Likishindikana, seli hujiua, au huacha kuzaa kabisa, au hugeuka seli ya kawaida, ikafanya kazi yake na kwisha. Watafiti wa Japani waliwavutisha panya benzini wakaona hivyo hivyo: uzazi wa seli ubohoni ulisimama. Kwa panya walioondolewa p53, seli ziliendelea kugawanyika na majeraha yake. Binadamu tuna kinasaba kimoja tu cha mlinzi huyu, nakala ya baba na nakala ya mama. Tembo ana vinasaba 20 hivi vya aina hiyo, na saratani humpata kwa nadra.

Lililonikosesha usingizi ni hili la usingizi wa seli shina. Seli inayojiandaa kugawanyika ina nakala ya pili ya DNA yake, hivyo ikikatika huangalia nakala ile na kurudisha kila herufi mahali pake. Iliyolala haina nakala hiyo. Huchukua ncha mbili zilizokatika na kuziunganisha upesi upesi, na pengine herufi zinapotea, au ncha inaungwa na isiyo yake. Mwaka 2010 watafiti wa San Francisco walionyesha hivyo kwa seli shina za damu za panya walizozipiga mionzi: zilinusurika, lakini na makosa ndani yake. Kosa likimwangukia mama, watoto wote hulirithi. Ndiyo maana mtu aweza kuacha kazi akiwa mzima, na saratani ya damu ikamfuata baada ya miaka.

Wapo waliolipia elimu hii kabla yetu. Mwaka 1897 daktari wa Sweden, Santesson, alieleza wanawake wa kiwanda cha matairi ya baiskeli waliokaukiwa na damu. Mafundi viatu wa Istanbul waliugua saratani ya damu kwa sababu ya gundi, na Dakta Muzaffer Aksoy akawaandika mmoja mmoja. Benzini ilipoondolewa kwenye gundi, wagonjwa wakapungua. Mwaka 2004 ikaonekana kwa wafanyakazi wa viwanda vya viatu huko Tianjin, China, kwamba seli za damu hushuka hata hewa ikiwa na benzini chini ya sehemu moja kwa milioni.

Sasa tujitazame. Kila jioni naona kidumu kilichokatwa mdomo, petroli nusu, na mikono ya vijana wetu imezama hadi kwenye viwiko kutoa grisi. Petroli ile ina ubaridi mtamu baada ya jua la mchana, najua, nami nimenawa hivyo miaka mingi. Kisha tunapanda daladala na harufu yake, na mtoto nyumbani anatudaka shingoni. Wengine bado wananyonya petroli kwa mpira. Na wapuliziaji wanaamini maziwa husafisha kifua, wanavaa barakoa ya kitambaa. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayafuati sumu ubohoni, na kitambaa huzuia vumbi tu, mvuke unapita. Inayotakiwa ni barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa, na vichujio vina muda wake wa kubadilishwa.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awapime afya wafanyakazi wake. Wengi wetu hatuna mwajiri, kwa hiyo kamati inaomba mkutano huu uridhie mfuko wa matibabu ulipie kipimo cha picha kamili ya damu kwa kila mwanachama, mara moja kwa mwaka, wapuliziaji na wasafisha kabureta wakianza. Majibu yatatunzwa ili ya mwaka huu yalinganishwe na ya mwakani. Damu ikianza kushuka na mtu akatolewa mapema kwenye mvuke, mara nyingi hupanda tena.

Hilo moja linasubiri kura yenu. Lingine kamati imeshaliamua: kuanzia Jumatatu kila banda litakuwa na ndoo ya sabuni ya unga iliyochanganywa na mchanga laini, na kidumu cha petroli ya kunawia kiondoke. Atakayekuta ndoo imekwisha amwambie katibu siku hiyo hiyo.