Kuruta akitoka Kaweweta, Kiswahili kisiachwe getini

Ndugu Mhariri,

Mpwa wangu amemaliza mafunzo ya awali ya jeshi pale Kaweweta, wilaya ya Nakaseke, na sasa yuko kwenye kozi ya mawasiliano. Alipopewa siku chache za kupumzika alikuja kwangu Wobulenzi na daftari lake la kozi. Nililifungua mezani baada ya chakula. Kurasa za mwanzo zimejaa mwandiko mzuri wa Kiingereza, umenakiliwa ubaoni neno kwa neno. Kufika ukurasa wa kumi na mbili hivi maneno yanapungua, inabaki michoro. Mbele zaidi hata michoro haina majina. Nikamuuliza, "Na hapa je?" Akajibu, "Kojja, hapo nilinyamaza." Kojja ndiye mjomba kwetu Buganda.

Nimekaa jeshini miaka 24, karibu yote kwenye redio, tangu 1989 jeshi likiitwa bado NRA. Ukimya ule naujua. Chuo sitakitaja, na wakufunzi wake siwalaumu, wanafundisha kama walivyofundishwa. Lakini jambo lenyewe linaniuma na nataka lisemwe.

Kuruta anapofika Kaweweta hana lugha moja na mwenzake wa kitanda cha pili. Mmoja katoka Karamoja, mwingine Kigezi, mwingine West Nile, mwingine Busoga. Kinachowaunganisha ni Kiswahili, wala hakiingii kwa sarufi na ubao. Kinaingia kwa miguu: mguu pande, mguu sawa, nyuma geuka. Kinaingia alfajiri kwenye mchakamchaka, kwenye foleni ya posho na maharagwe, kwenye shabaha unapoambiwa ulenge masafa ya mita mia. Mpwa wangu alikwenda akijua "asante" na "pole" tu. Aliporudi alinisimulia jinsi walivyofungua bunduki na kuifunga tena wakiwa wamefumba macho, na alisimulia yote kwa Kiswahili. Mama yake akamwomba aseme kwa Luganda ili naye asikie. Mtoto akajaribu, akakwama, akasema kwa Luganda hajui pa kuanzia, maana mambo yale yote aliyajua kwa mara ya kwanza kwa Kiswahili.

Basi mtu huyo huyo anamaliza, anaapa, anapita mbele ya wakubwa kwa gwaride, na wiki chache baadaye anakaa darasani ambapo lugha iliyomfanya askari imeachwa nje. Anafundishwa umeme, betri, antena na mawimbi kwa Kiingereza cha vitabu. Kiingereza alikisoma shuleni mpaka sinia foo, yaani kidato cha nne, ni kweli, lakini kusoma hadithi ya darasani ni jambo moja, na kuelewa kwa nini redio inanyamaza saa mbili usiku ni jambo jingine.

Niruhusu niseme nilivyojifunza mimi. Mimi ni mtoto wa Luwero. Miaka ya vita, 1981 mpaka 1986, Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya kuogopwa. Wazee wa Kampala bado wanakumbuka "panda gari", maneno mawili ya askari yaliyotosha kumwondoa baba nyumbani asirudi. Nilipojiunga na jeshi sikukipenda. Aliyenibadilisha ni sajini mmoja mzee wa West Nile aliyetufundisha redio chini ya mwembe. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini kazi aliijua. Alitupa sheria moja ya maneno manne: mchana panda, usiku shuka.

Mpaka leo ningeamshwa usingizini ningeitamka. Maana yake ni hii. Redio ya masafa marefu hutupa wimbi angani, na kule juu kuna matabaka yaliyochajiwa na jua ambayo hulirudisha wimbi chini, mbali. Frikwensi ni mara ngapi wimbi hutetemeka kwa sekunde, nasi huipima kwa megahezi. Mchana tabaka la chini humeza mawimbi ya frikwensi ndogo, kwa hiyo unapanda kwenye frikwensi kubwa. Jua likizama tabaka lile hutoweka, na la juu nalo hudhoofika kiasi kwamba frikwensi kubwa hulitoboa zikaenda zake. Kwa hiyo unashuka. Sajini alituchorea mchangani kwa kijiti, akaweka jiwe kuwa jua.

Na antena vilevile. Chukua 143, gawanya kwa frikwensi ya megahezi, utapata mita za waya wako, kisha ukate katikati. Ukiwa kwenye tano, ni mita 28 na sentimita 60, yaani kila upande kama mita 14 na sentimita 30. Hatukuwa na futi kamba. Kila mmoja wetu alipima urefu wa hatua yake akaukariri. Hesabu hiyo nimeifanya kwa Kiswahili kichwani, kwenye mvua na gizani, zaidi ya mara ninazoweza kukumbuka.

Sasa nieleze hasara ya kuacha mambo nusu. Miaka ya tisini tulikuwa kwenye zoezi. Kijana mmoja mwenye redio alikuwa amekaa juu ya kilima. Ofisa akamwambia kwa Kiswahili, "Badilisha masafa," akimaanisha frikwensi. Kijana alikuwa ametoka kozini, na kozini neno hilo alilisikia kwa Kiingereza peke yake. Masafa aliyoyajua yalikuwa yale ya shabaha, yaani umbali. Akakunja antena, akabeba mtambo mgongoni, akateremka kama nusu kilomita kutafuta masafa mengine. Kule bondeni mawimbi ya redio ile ndogo hayafiki, kwa kuwa yanakwenda moja kwa moja na kilima kiliyazuia. Tulikaa saa nzima na zaidi bila kumsikia. Hakuna aliyeumia, lilikuwa zoezi tu. Lakini aliadhibiwa, nami nikiwa koplo nilisimama nikiangalia mtu akiadhibiwa kwa neno ambalo hakuna aliyemfundisha. Jioni nilimpelekea chai. Hakuinywa.

Tangu siku hiyo mimi husema "frikwensi". Najua wapo wataalamu wanaopenda "masafa", na kwenye habari za redio ni neno zuri. Jeshini tayari lina kazi nyingine, na neno moja kwa kazi mbili ni hatari. Afadhali neno la kuazima lisilo na utata.

Wapo watakaosema vitabu vya mitambo ni vya Kiingereza, na kioo cha redio yenyewe kinaandika Kiingereza, kwa hiyo kijana azoee. Nakubali asome kioo. Ajue maneno hayo yote, ayaandike, afanyiwe mtihani. Ninachosema ni kwamba kuelewa kuje kwanza, na kuje kwa lugha ambayo ataamriwa nayo. Maana akitoka kozini akarudi kikosini, afande hatamwita kwa Kiingereza cha kitabu.

Tena tutazame tunakofanya kazi. Tangu Novemba 2021 majeshi yetu yako mashariki ya Kongo kwenye operesheni iliyopewa jina la Kiswahili, Shujaa, pamoja na jeshi la nchi ile. Mkongo mwenye redio alifundishwa kwa Kifaransa, Mganda kwa Kiingereza. Wakikutana Ituri au Kivu Kaskazini, lugha ya kuongea ni moja tu. Mazoezi ya pamoja ya majeshi ya Afrika Mashariki nayo yanaitwa Ushirikiano Imara, na mwaka 2022 yalifanyika hapa kwetu Jinja. Majina tumeyapa Kiswahili. Maneno ya kazi, yale ya kusema betri imekufa au antena imekatika au nitumie upya, kila mtu anajitungia njiani.

Nchi yenyewe imekwisha kuamua. Mabadiliko ya Katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Makuruta wa miaka ijayo watafika getini wakikijua zaidi ya mpwa wangu, na kwa hakika zaidi yangu mimi wa 1989.

Ninaloomba si kubwa. Kitengenezwe kijitabu cha maneno ya mawasiliano, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, kidogo cha kuingia mfuko wa kombati, na kila anayehitimu mafunzo ya awali na kupangiwa kozi ya redio akipokee kabla hajapanda lori. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iko Zanzibar, iulizwe. Wakufunzi waruhusiwe waziwazi kueleza kwa Kiswahili bila kuonekana hawajasoma. Na wastaafu tuitwe. Tupo wengi Luwero, Bombo, Gulu, Tororo, tumekaa na maneno haya vichwani na hakuna aliyetuuliza.

Mpwa wangu alikaa nami jioni mbili. Tulianza ukurasa wa kumi na mbili. Tulifunga waya kati ya mwembe na paa la jiko, akapima kwa hatua zake, akakosea kwa sentimita 40, akarudia. Alipoondoka michoro yote ilikuwa na majina, isipokuwa mmoja. Kuna sehemu ambako wimbi linalotambaa ardhini limekwisha na la angani bado halijatua, hivyo mtu wa kilomita mia hakusikii kabisa, huku wa kilomita mia tano anakusikia vizuri. Tiba yake naijua: shuka frikwensi, shusha waya karibu na ardhi, wimbi liende juu wima na kurudi karibu. Jina la sehemu hiyo kwa Kiswahili sina. Sajini wetu aliionyesha kwa mkono tu, mahali patupu kati ya jiwe na kijiti. Msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa, Unguja au Bukavu aliye na neno hilo namwomba aliandike katika gazeti hili. Nafasi kwenye daftari tumeiacha wazi.

Sajini mstaafu,
Wobulenzi, Luwero