Risala ya komite ya wazazi kwa mgeni wa heshima, siku ya proklamasyo (kutangaza matokeo ya mwaka), Katuba, Lubumbashi

Mheshimiwa Mbunge mgeni wetu wa heshima, Bwana Direkta na Bwana Prefe, walimu wetu, wakubwa wa kanisa, bamama na bapapa, na nyinyi watoto wenye siku yenu, jambo yenu wote!

Karibu sana kwetu Katuba. Protokole ametupa dakika tano tu, tutajaribu, lakini wazazi walishatuonya kwenye mkutano kama hawataki ile risala ya kusifu tu, watu wanapiga makofi, wanakunywa sukre wanarudi nyumbani, basi utatuvumilia Mheshimiwa tukisema na yale mengine, kwa heshima yote.

Kwanza asante. Na hii haiko asante ya mdomo. Katiba ya Kongo ya 2006, article 43, ilisema masomo ya primere ni ya lazima na ni ya bure kwenye shule za Serikali, na miaka 13 yote hayo maneno yalilala kwa karatasi mpaka Septemba 2019, ndipo Rais Félix Tshisekedi akaanzisha gratwite, ni kusema primere ya bure. Kuko mama mmoja amekaa hapa kati yetu anauza makala, zamani kila mwanzo wa mwaka alikuwa anakaa chini anahesabu falanga halafu anachagua nani aende shule na nani angoje, na mnajua wenyewe, mwenye kungoja alikuwa ni binti. Leo wote wako kwa mstari pale, na unifa. Mtu asituambie gratwite haikuleta kitu.

Lakini mzigo Mheshimiwa hauishi juu ya kusema umeisha. Wakubwa hapa wanakumbuka mwanzo wa miaka ya 90, Serikali haikuweza kulipa walimu, migomo kila upande, wazazi na kanisa wakapatana tuchange primu, pesa ya mzazi ya kumsaidia mwalimu, ili klase zifunguliwe. Ilisemwa ni ya muda. Hiyo ya muda ikakaa miaka zaidi ya 25! Mwalimu wa mjini kama hapa akawa anaishi kwa primu ya mzazi kuliko kwa mshahara wa Serikali, na siku primu ilipokatwa, yeye ndiye aliamka maskini, si sisi. Na hata leo kuko walimu ambao hawajamekanizwa, ni kusema Serikali haijawaandika, wanafundisha kila asubuhi na jina lao haliko kwenye listi ya mishahara, na mzazi haruhusiwi tena kuwachangia. Sasa huyo anakula nini? Bukari ya nani?

Tulitaka upite klase ya pili lakini programu haikuruhusu basi tutakusimulia. Benchi lilitengenezwa kwa watoto watatu, wanakaa watano, wa mwisho nusu ya mwili iko nje, anaandika kwa goti. Madame, mwalimu wao, hawezi kusahihisha kaye (daftari) zote kwa siku moja, amegawanya kwa mistari, Jumatatu mstari wa dirisha, Jumanne unaofuata, mpaka mtoto wa nyuma anaona wino mwekundu Ijumaa. Kama Jumatatu aliandika b pahali pa d, wiki nzima anaiandika hivyo hivyo na anaizoea. Hatumlaumu Madame, sisi tungeshakimbia zamani.

Halafu ile sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 ilileta elimu ya msingi ya miaka 8, ni kusema ya saba na ya nane nazo ni msingi. Kwa sheria ni msingi, kwa kesi, pale tunapolipia pesa ya shule, ni sekondari, na kwenye sekondari mzazi analipa, na tunaona kabisa falanga zilizotoka chini zilihamia juu. Mwaka jana mzazi mmoja alimuuliza Direkta kama mtoto wake aliyepita vizuri hawezi kurudilia ya sita, kwa sababu ya sita ni bure. Sisi tulicheka. Yeye hakucheka.

Sheria hiyo hiyo inasema lugha za taifa zitumike kufundishia miaka ya mwanzo ya primere, yaani kwetu Kiswahili, lakini vitabu vya Kiswahili watoto wetu hawana, na ukiuliza unajibiwa kwa Kifaransa!

Wale wenye watoto chuo kikuu nao walituomba neno. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 LMD (Lisansi-Master-Doktora, mpango mpya wa masomo ya chuo kikuu) ikawa ya lazima, zamani mtoto alifanya gradua miaka 3 na lisansi miaka 2, leo lisansi yenyewe ni miaka 3, master 2, doktora 3. Wazo si baya, diplome yake isomeke na kwingine. Ila kwenye LMD mwanafunzi anatakiwa afanye kazi nyingi peke yake, na hiyo inataka vitabu, komputa, intaneti, umeme, mtoto wa Katuba anasomea kwa tochi ya simu. Na watu wa kazi wengine bado hawajui: mtoto anapeleka lisansi yake anaulizwa mbona umesoma miaka 3 tu, mjomba wako alisoma 5.

Shule hii yetu ilijengwa na kanisa, Serikali ikachukua shule za makanisa 1974, ikazirudisha kwa konvensyo (mapatano na makanisa) ya 1977, ndiyo maana hapa ukisema reforme, mabadiliko ya shule, wazee wanauliza kwanza, na paa atatengeneza nani?

Tunachokuomba Mheshimiwa si mengi. Chukua majina ya walimu wasiomekanizwa, Bwana Direkta ameyaandika, bahasha iko hapa mezani, uyafuatilie mwenyewe mpaka Kinshasa, usimtume mtu. Ya saba na ya nane msemeni waziwazi kule Bungeni kama ni za bure ama si za bure, ili mzazi ajipange kuanzia mwezi wa nane. Na mabenchi, hata ya klase moja tu, tuanze na ya pili.

Tunakushukuru kwa kutusikiliza. Bwana Direkta, somea watoto pointi zao, jua limekuwa kali.

Komite ya wazazi