Mafundi, tusikilize kwanza ndipo mshushe giaboksi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wa magari wa jiji hili, na wenzangu tunaowapelekea magari tukiwa hatujui kitu. Mimi ni mwanamke wa miaka 46, nauza ndizi pale soko la Mahakama ya Ndizi, Mabibo. Nina kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, Suzuki Carry ya gia za mkono, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Alfajiri inapeleka mikungu kwa wateja wangu wa Mwenge na Tegeta. Ndiyo inayosomesha wanangu.

Mwezi wa nne ilianza kulia. Sauti nyembamba, kama panga linalopitishwa kwenye kinoo, na niliisikia zaidi kwenye foleni ya Ubungo. Nikishapata barabara nyeupe inapotea. Nikaipeleka gereji moja ambayo siitaji. Fundi aliwasha, akapiga resi mara mbili, akasema, "Dada, giaboksi imekufa. Umeizidishia mzigo." Sikubisha, kwa sababu la mzigo lilikuwa kweli. Huko kwao Japani vigari hivi vinaruhusiwa kubeba kilo 350, na mimi kuna siku napakia mikungu ishirini na tano. Nilijiona mwenye kosa, nikakosa hata nguvu ya kuuliza. Nikatoa shilingi 480,000 ya giaboksi ya mtumba na 80,000 ya ufundi. Gari ikalala siku mbili, ndizi zikaivia sokoni.

Siku ya tatu nikaichukua. Kufika taa za Mwenge nikakanyaga klachi: sauti ileile. Tena likaongezeka jingine. Nikitoka gia ya pili kwenda ya tatu, krrr, mpaka abiria wa daladala ya pembeni wanageuka.

Mteja wangu akanielekeza kwa fundi mmoja mzee wa mtaa wa Gerezani ambaye amefungua giaboksi tangu ujana wake. Nikamwamkia, nikamweleza yote. Hakushika spana. Aliingia akakaa upande wa abiria, mimi akaniacha kwenye usukani.

"Washa, mama. Weka fri. Toa mguu kabisa kwenye klachi."

Nikatoa. Kimya.

"Sasa kanyaga polepole."

Pedeli haijafika nusu, sauti ikaja. Nikaachia, ikaondoka. Alinirudisha mara nne mpaka nikaelewa mwenyewe, na nataka kila mwenye gari ya klachi aelewe kama nilivyoelewa. Gari ikiwa fri, yaani haiko kwenye gia yoyote, na mguu wako umeutoa kwenye klachi, shafti inayoingia kwenye giaboksi inazunguka pamoja na injini. Ukikanyaga klachi, shafti ile inaachana na injini, inasimama. Kwa hiyo beringi ya shafti hiyo ikichoka, giaboksi hulia ukitoa mguu na hunyamaza ukikanyaga. Yangu ilifanya kinyume. Kinacholia ukikanyaga, mara nyingi ni beringi ya klachi, ile mafundi wanayoiita rilizi, kwa kuwa hapo ndipo inapobanwa. Mara chache huwa ni ile beringi ndogo ya katikati ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini.

Na rilizi haikai ndani ya giaboksi. Inakaa nje, kwa mbele, ukishusha giaboksi unaiona hiyo hapo. Maana yake yule aliyeshusha yangu aliishika mkononi, akaitoa kwenye giaboksi yangu isiyo na ubovu, akaivisha ile ya mtumba. Mpya niliinunua Kariakoo kwa shilingi 35,000.

Mzee alipoifunga, akamwaga na oili ya giaboksi ile ya mtumba anionyeshe. Kwenye sumaku ya plagi ya kumwagia oili kulikuwa na tope jeusi la chuma kidogo, akasema hilo ni la kawaida. Lakini oili yenyewe ilikuwa inameta vumbi la njano ambalo sumaku haikulishika. Ile ni shaba, zile pete za sinkronaiza zinazosawazisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. Ya gia ya tatu imelika, ndiyo krrr yangu. Akaniuliza gereji waliweka oili gani. Nilikumbuka chupa, iliandikwa GL-5. Akatikisa kichwa: hiyo ni ya difu, ile inayogawa nguvu kwa tairi za kushoto na kulia, na baadhi yake dawa zake zinadhuru shaba, giaboksi nyingi za mkono zinataka GL-4.

Nilikaa pale hadi adhuhuri nikiuliza. Akanieleza kwamba kwenye magari mengi yanayosukuma kwa tairi za nyuma, gia ya nne hupita moja kwa moja bila kuibebesha mzigo shafti ya chini, ile ya pili ndani ya giaboksi inayopokezana nguvu kwenye gia nyingine. Ukisikia mvumo kwenye gia zote halafu ya nne ikatulia, mashaka yaende kwenye shafti hiyo na beringi zake. Mlio wa gia moja tu ni meno ya gia hiyo. Gari ikigonga "ko" unapoondoka, chungulia kros za propela, yaani viungo vya ile shafti ndefu inayopeleka nguvu tairi za nyuma, kabla hujaitukana giaboksi. Na mvumo unaobaki palepale hata ukiweka fri gari ikiwa inaserereka, ukabadilika unapokata kona, hiyo ni beringi ya tairi. Haya yote hayahitaji kifaa chochote. Yanahitaji mtu atulie, azime redio.

Wanaokwenda kununua gari yadi niwaambie hili: kuzungushwa mtaa mmoja hakutoshi. Wapo wauzaji wanaotia oili nzito ili beringi inyamaze. Joto letu hili na nusu saa ya kuendesha vitailainisha, na sauti itatoka. Omba uiendeshe hadi ipate moto. Akikataa, ondoka.

Mwanangu anayenisaidia kuendesha nimemkataza kupumzisha mguu juu ya pedeli kwenye foleni. Mguu ule hata ukiwa mwepesi unaibana rilizi muda wote. Foleni ikisimama, weka fri, toa mguu kwenye pedeli uuweke sakafuni.

Sasa ombi langu kwa mafundi. Kabla hamjalegeza bolti hata moja, mketisheni mwenye gari kwenye usukani, akanyage na kuachia klachi, asikie na aambiwe kinacholia ni nini. Ni dakika tano. La pili, kifaa mnachokitoa ni cha mwenye gari, apewe bila kuomba. Mimi nilirudi kwenye ile gereji kuulizia giaboksi yangu ya zamani. Nilijibiwa kwamba chuma chakavu huwa hakitunzwi, kimeshaondoka. Ile haikuwa chuma chakavu. Ilikuwa nzima, imeingia gia zote tano bila kukwaruza, na kuna gari mahali fulani katika jiji hili inaitembelea sasa hivi, mwenyewe ameinunua kwa pesa yake halali.

Gia yangu ya tatu bado inakwaruza ninapoandika barua hii. Naipeleka Gerezani mwezi wa pili, ada za shule zikishalipwa. Nitakaa palepale kwenye benchi mpaka ifungwe, na nitaondoka na kila kilichotolewa, hata kama ni pete moja ya shaba iliyolika.

Muuza ndizi,
Mabibo, Dar es Salaam