Mama Twaha, hiyo tyubu isome kwanza

Mama Twaha,

Salaam aleikum, habari za hapo Jinja, mzee wetu jaja mguu umepoa? Sisi huku Busia tupo, mvua na matope tu, mzee wangu amerudi jana kutoka Malaba anawasalimu. Nimenyamaza tangu Idi, nisamehe, lakini ile picha ya mashilingi, ule fangasi wa mduara, kwenye shingo ya Twaha imeninyima usingizi ndio naandika usiku huu.

Unasema mmepaka krimu siku tano ikaisha, mkaacha, ikarudi kubwa kuliko ya kwanza, mkanunua tyubu nyingine. Hivyo hivyo ilikuwa kwa Shamim wangu mwaka juzi. Niliuliza dukani dawa ya mashilingi nikapewa krimu ya mchanganyiko, nikafurahi sana juu muwasho ulikatika usiku ule ule. Miezi mitatu tunapaka, tunaacha, tunapaka, mpaka ule mduara ukapoteza umbo likawa baka tu lisilo na mwisho, na kwapani ikamwachia michirizi ambayo mpaka leo iko. Nesi aliposoma tyubu ndio nikajua ndani kuna steroidi. Inazima muwasho, unaona ngozi imepona, kumbe imelaza kinga ya ngozi na fangasi wanaendelea kusambaa. Nililia siku hiyo, juu ni mkono wangu uliokuwa unampaka.

Kwa hiyo chukua tyubu usome yale maandishi madogo. Klotrimazoli peke yake, ile dawa ya kuua fangasi, sawa. Lakini ukiona imeongezwa betamethasoni ama klobetasoli, ndizo steroidi zenyewe, mara nyingi na jentamaisini ya bakteria pia, weka kando umwonyeshe nesi. Siku za kwanza baada ya kuacha inaweza kuwasha zaidi, usishtuke ukairudia.

Hiyo klotrimazoli ya asilimia 1 nayo ina namna yake. Muoshe, mkaushe kabisa hasa kwenye mikunjo ya shingo, halafu paka nyembamba mara 2 kwa siku na upitilize ukingo wa mduara kama upana wa vidole viwili hivi, maana fangasi wanatembea kwenda nje, katikati ndio panapona kwanza. Isimwingie machoni, usifunge na nailoni wala bendeji, nawa mikono ukimaliza. Na usiache siku alama inapopotea!! Endelea wiki 2 nyingine, jumla inaweza kufika wiki 4 hivi. Siku tano hazingetosha hata kama dawa ingekuwa nzuri. Na tafadhali jaja asimsugue na gunzi la mahindi, ngozi ikichubuka vidudu vingine vinaingia.

Halafu kuna kitu nimeona pembeni ya picha, juu ya sikio, nywele ni kama zimekatika? Kama imefika kichwani krimu pekee haitaweza, fangasi wanaingia ndani ya unywele wenyewe. Hapo ni dawa ya kumeza, griseofulvini wanatoa mara nyingi, wiki 6 hadi 8, inamezwa na chakula chenye mafuta, na kipimo kinafuata uzito wa mtoto, kwa hiyo mpeleke kituo cha afya apimwe, usinunue tu.

Narudi kwa tyubu maana ndio inanisumbua. Mama Rehema asije akakupa ile yake ya kung'arisha uso ati inakausha, nyingine zina klobetasoli hiyo hiyo.

Sasa nijibu. Tyubu imeandikwa nini, unaweza kupiga picha nyuma yake? Mlipaka siku ngapi kwa jumla? Twaha analala na nani, na taulo wanachangia? Yule paka wenu bado ananyonyoka manyoya? Wewe unanyonyesha, umejiangalia mikono na kifua? Shule wanafungua lini, na kinyozi wake ni yule yule wa stendi, anasafisha mashine?

Tuma hata usiku, simu nimeiacha wazi.

Mama Shamim