Shoga, nimeliona lile jumba la Doha

Shoga angu Zuwena,

Asalaam aleikum. Natumai hapo Chake nyote wazima, mie sijambo alhamdulillah, nimerudi Unguja na mizigo hata sijaifungua lakini habari hii siwezi kukaa nayo, lazma nikwandikie weye unaechora ramani za nyumba.

Dada kanipeleka Makumbusho ya Sanaa za Kiislamu pale Doha, Qatar. Yalifunguliwa 2008, aliyeyachora I.M. Pei, yule yule wa piramidi la kioo la Louvre kule Paris. Kazaliwa China 1917 akahamia Marekani, walipomfata kwa kazi hii keshastaafu. Basi akaona hawezi kuchora kitu asichokijua, akasoma sira ya Mtume, akafunga safari, Cordoba ya Hispania kenda, Damascus kenda, Tunisia kenda, anatafuta jengo ambalo hata ukilivua mapambo yote bado linabaki la Kiislamu. Unajua kalipata wapi? Cairo, msikiti wa Ibn Tulun, na wala si msikiti wenyewe, ni kile kijumba katikati ya uwanja, pahala pa kutilia udhu! Chini mraba, juu yake pembe nane, juu kuba, basi.

Na yeye kajenga vivo hivo, miraba ya mawe imepandana, nje nakshi hamna, kivuli ndo nakshi. Nilikaa nje tokea alasiri mpaka karibu na magharibi, ukuta ule ule mmoja kwanza mweupe unaumiza macho, kisha nusu ikaingia kivuli, kisha wote ukawa rangi ya asali. Viwanja vya pwani alivikataa, akataka afukiwe kisiwa baharini ili watu wasije wakamjengea maghorofa ubavuni.

Kioo kikubwa kipo, ila upande mmoja tu, wa kaskazini, kimepanda mita 45 kinatazama bahari. Sisi huku mtu akitaka jengo la kisasa anabandika vioo vya buluu mbele nzima, jua linamuoka, AC mchana kutwa. Mie naona tumeshika pasipo.

Ndani kuna sanamu ya mnyama paa, wa shaba, wa Cordoba, wa karne ya 10, hapiti goti sana, mwili mzima kachorwa majani ndani ya viduara, ndani mtupu, maji yalikuwa yanapanda toka chini yakimtoka mdomoni. Taa ndogo juu yake, pembeni kiza. Nilishindwa kuondoka pale, dada kaja kunivuta.

Nikaikumbuka Beit el Ajaib yetu ya hapa Unguja shoga, jumba la Sultani Sayyid Barghash, la 1883, makumbusho yetu yale, na Disemba 2020 upande mzima ukaporomoka. Unaukumbuka ule mtepe, chombo cha baharini cha kizamani, uliokuwa uwanjani mle ndani, mbao zimeshonwa kwa kamba, msumari hamna hata mmoja? Hebu ufikirie uko peke yake, ukuta mtupu, mwanga unashuka toka juu, mtu anaona kamba moja moja inavyoingia tunduni. Vitu vyetu vinastahiki nyumba kama ile, na michoro yake sioni kwa nini asiichore mtu wa hapa hapa, ashike mabaraza yetu na mabirika ya misikiti yetu aanzie hapo.

Nichoree weye, hata kwa penseli tu, kisha upige picha unirushie WhatsApp. Mama msalimie sana, na watoto.

Shoga ako,
Rukia