Mkopo wangu, aibu ya mkwe wangu

Mhariri,

Mwezi uliopita nilikopa shilingi 40,000 kupitia programu ya simu ili niongeze mzigo wa vitenge. Nilichelewa kurejesha siku mbili tu. Mkwe wangu, katekista wetu, hata fundi bomba aliyewahi kuja kwangu mara moja, wote wakatumiwa ujumbe kwamba mimi ni mdaiwa sugu. Namba zao nilizitoa mwenyewe nilipobonyeza “Ruhusu”, programu ilipoomba kusoma majina na namba zilizo kwenye simu yangu. Mkopo unahusiana nini na majina ya watu wangu? Sasa programu ikiyataka bila sababu, naifuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahususi. Naiomba Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iwabane wakopeshaji hawa. Mkwe wangu bado hanitazami usoni.

Muuza vitenge,
Morogoro