Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Kale: tuambieni mikono ni ya nani

Mheshimiwa Waziri, salamu nyingi kutoka hapa Kampala. Mimi ni mama wa watoto watatu, kazi yangu ni kutembeza wageni, wengi ni wanafunzi na familia zinazoshuka na basi kutoka Kenya na Tanzania, ndio maana naandika kwa Kiswahili, manake ndiyo lugha nashinda nayo kutwa na pia ni lugha rasmi ya pili ya nchi yetu.

Muhula uliopita nilipeleka watoto wa P.4 (darasa la nne) kwenye makumbusho moja, sitaji jina. Tukafika kwenye kabati la vioo lenye vigae vya vyungu, na kuna kigae kimoja kipana kama kiganja kina alama zimejipanga kama ukili wa mkeka. Msichana mmoja akaegemeza paji la uso kwenye kioo akauliza, "Nani alichora hii?" Aliyekuwa anatutembeza akaangalia lebo, imeandikwa chungu na enzi ya chuma basi, akasema "watu wa kale," haya twendeni mbele. Mtoto akanyamaza. Mimi ile iliniuma sana mheshimiwa.

Kwa sababu zile alama hata hazichorwi. Unachukua majani, unasokota kamba fupi kama kidole, unaipiga mafundo, halafu unaibingirisha juu ya chungu udongo ukiwa bado mbichi. Tulipotoka nje nikachuma majani hapo uani, tukapata udongo wa mvua karibu na bomba, kila mtoto akasokota yake akabingirisha na alama zikatoka zilezile, zingine zimepinda zingine zimekaa vizuri kabisa. Yule msichana akasema jajja (bibi) yake kijijini anasokota hivyohivyo akitaka kuanza kikapu. Tulichelewa dakika 40, dereva amepiga honi mpaka amechoka, na hakuna mtoto aliyetaka kupanda basi.

Sasa swali la nani alifanya, jibu lake si moja, kwa Baganda wafinyanzi walikuwa wanaume, ukienda kwa Waacholi na Walango ni wanawake, na watoto wakiambiwa hivyo wanaanza kubishana wenyewe, na mtoto anayebishana kuhusu chungu huyo umeshampata.

Lakini kuna mahali hakuna ubishi, nako ni kijiji cha Kibiro. Ukitoka Hoima ukashuka ule ukingo mpaka ufukweni mwa Ziwa Albert unakuta bustani za chumvi, vipande vidogo vimepakana kwa mawe, na vyote ni vya wanawake, mama anamrithisha binti. Wanatandaza udongo mkavu juu ya ardhi yenye unyevu wa chumvi, jua linavuta chumvi inapanda, jioni wanaukwangua, kesho tena, siku kadhaa, halafu wanautia kwenye chombo chenye matundu chini na kumwagia maji, yale maji yanayochuruzika ndiyo yanachemshwa kwa kuni mpaka ibaki chumvi. Udongo wenyewe hautupwi, unarudi bustanini. Mtaalamu wa mambo ya kale Graham Connah alichimba pale akakuta matabaka ya vigae yanayoonyesha kazi hii imeendelea miaka mia kadhaa, na chumvi hiyo ndiyo iliyolisha biashara ya ufalme wa Bunyoro. Pale mazao hayakubali vizuri, chakula kilipatikana kwa kubadilishana na chumvi, maana yake mama na binti yake ndio walikuwa wanalisha kijiji kizima! Ukiandika "vifaa vya kutengeneza chumvi" ukaishia hapo umemfuta huyo mama.

Watoto wa kale nao wapo, tukiwatafuta. Kenya kule Kilifi, kwenye pango la Panga ya Saidi, wataalamu walikuta kaburi la mtoto wa miaka kama miwili na nusu hadi mitatu, lina umri wa miaka 78,000, matokeo yalitangazwa 2021, na wakampa jina la Kiswahili, Mtoto. Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa, na inaonekana kichwa kiliwekewa kitu kama mto. Nikiwasimulia wageni wangu hapo kina mama wote wananyamaza, nimeona mara nyingi. Na kuna soksi moja iko British Museum, makumbusho ya London, ya mguu wa kushoto wa mtoto, ina mistari ya rangi rangi, kidole gumba kimetengewa sehemu yake ili avae na ndala, ni ya miaka 1,700 hivi na iliokotwa jalalani katika mji wa Antinoupolis huko Misri, ukingoni mwa Nile. Yaani maji yanayoondoka Jinja ndiyo yanayopita pale. Soksi ya jalalani imefanya watu waulize huyo mtoto alikuwa nani, sisi tunashindwa nini?

Naomba mambo yasiyo na gharama kubwa. Lebo ziseme nani alitumia kitu, alikishikaje, na ziwe kwa Kiswahili na lugha za huku pia, halafu zingine zishushwe zifike machoni mwa mtoto wa miaka 7, sasa hivi namnyanyua mmoja mmoja mpaka mgongo unauma. Pawe na meza yenye udongo na majani, na vigae vichache vya kawaida ambavyo mtoto anaweza kushika. Na la muhimu kuliko yote kwangu, waalikeni wanawake wa Kibiro wenyewe waje waeleze, walipwe nauli na siku yao kama mtaalamu mwingine yeyote, tena waulizwe kwanza nini kisemwe kuhusu kazi yao kabla hatujaandika sisi.

Likizo ijayo nina makundi mawili ya shule. Niko tayari kuja na majani na udongo wangu mwenyewe tujaribu siku moja tu, kwenye makumbusho yoyote utakayonielekeza. Nasubiri jibu lako mheshimiwa.

Mama anayetembeza wageni, Kampala